Nilitandikia Farasi Mikeka, Watu Wakaja Kunililia

Nitaisema mimi mwenyewe, kwa sababu nikinyamaza mutaisikia kwa wengine, na wao wanaongeza chumvi: ndiyo, mimi njo yule mutu wa Kindu aliyekaa kwenye kilio chake mwenyewe, akanywa chai vikombe viwili, akamuombea marehemu kwa Mungu, na (hii njo inaniuma zaidi) aliposikia marehemu anasifiwa, akanyamaza ili wamalizie. Haya, nimekwisha kusema. Anayetaka kucheka acheke sasa, halafu anisikilize, maana mambo hayakuanza na kilio, yalianza na matope.

Ninaitwa Amisi, na kama haunijui, kosa si lako. Mimi ni mutu wa nyumbani. Nilisoma sekondari mpaka nikamaliza, nikarudi nyumbani na diploma mukononi, nikakaa, na tangu siku ile sijaona sababu kubwa ya kusimama. Ninatengeneza redio za watu, kazi nzuri sana kwa sababu redio haikuiti uende kwayo, yenyewe inakuja, imebebwa. Watu wa kartie, yaani mutaa wetu, wanasema ni uvivu. Kidogo ni uvivu. Lakini pia ni vita: miaka ile, nikiwa kijana, mutu alikuwa anatoka asubuhi kutafuta chumvi tu, anakutana na askari, anabebeshwa mizigo mpaka Lubutu, na aliyerudi alirudi mifupa, na asiyerudi mama yake bado anaangalia njia, basi mama yangu alinifundisha kukaa nyuma ya nyumba, kimya, bila kukohoa, na somo lile nililishika vizuri kuliko hesabu, hata vita ilipoisha nikaendelea kulishika, maana hakuna aliyekuja kuniambia kwamba darasa limefungwa.

Mara moja tu walinipata. Mukubwa mumoja wa askari alikuwa na farasi (alimutoa wapi, hakuna aliyethubutu kuuliza), na sisi vijana tulikamatwa tumukatie majani. Kiwanja chake kilikuwa karibu na muto, matope mpaka magotini, na farasi hawezi kusimama ndani ya matope siku zote, basi askari wakapita nyumba kwa nyumba wakachukua mikeka ya watu wakamutandikia. Nilimuona kwa macho yangu, amesimama juu ya mukeka wa harusi ya mama yangu, mukavu kabisa, na sisi wenye mikeka tuko ndani ya matope tunamupa majani. Baadaye walimwaga kitu chini ya ile mikeka, au juu, sijui, siku ile nilikuwa nimetoroka, nimejificha nyumbani. Hiyo njo elimu yangu yote ya farasi. Lakini munajua hadithi zilivyo. Mwaka wa kwanza nilisema nilikata majani. Mwaka wa pili nilisema nilimulisha. Kufika mwaka wa tano nilikuwa nimechunga farasi wa jenerali, na yule mukubwa wa askari mwenyewe sijui kama aliwahi kupanda cheo haraka namna ile.

Bibi yangu, mke wangu Feza, aliisikia hadithi ile ikiwa imeshakomaa. Na Feza ana kaka, Sefu, mufanyabiashara wa karibu na gare, pale treni inaposimama, mutu wa kwenda na kurudi, ambaye tangu siku ya harusi yetu ananiangalia vile unavyoangalia tochi isiyo na mawe ya betri. Sasa Sefu huyu, mwaka huu, akaleta farasi kwa treni. Farasi kweli kweli, mwekundu, mwenye alama nyeupe kwenye uso. Alitaka maarusi wakae juu yake, wapigwe picha, watu washangae. Akamuita Direkta, kwa sababu, alisema, anakula vizuri na hakuna anayejua kazi yake ni gani. Akawa anatafuta mutu wa kumuchunga, na Feza, mbele yangu, kwenye veranda yetu, akasema:

"Kaka, mupe bwana yangu. Yeye anajua farasi."

"Amisi?" Sefu akageuka, akaniangalia kuanzia miguuni. "Dada, kuku tu zinamushinda."

"Nasema anajua. Alichunga farasi wa jenerali. Akishindwa, sema ni mimi Feza nimekudanganya."

Hapo ningesema ukweli. Ilikuwa nafasi nzuri, watu watatu tu, na mumoja ni mimi. Nikakunja miguu, nikasema: "Farasi ni mambo ya uzoefu."

Sefu alipoondoka, Feza aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Tangu tuoane sijaomba kitu kwa kaka yangu. Nimeomba hiki kimoja, ili siku moja akuone kuwa mutu. Usinipake matope, Amisi."

Na mvua ikaanza.

Parsele yangu, kiwanja cha nyumba yetu, iko chini ya zingine zote, maji ya kartie nzima yanapita kwangu kunisalimia kabla ya kwenda mutoni, na Direkta mwenyewe alikuwa na tabia moja: haendi kukaa kwenye kibanda chake, anasimama mulangoni kwangu mchana kutwa, anaangalia barabara. (Mutu wa kutoka kabisa. Hatukufanana.) Kwa miguu yake minne alikanyaga palepale, akakanyaga, akakanyaga, mpaka pale mulangoni pakawa uji. Sefu alikuja, akainua mguu mumoja wa farasi, akanusa, akakunja uso.

"Kwato zinaanza kulainika. Farasi si kiboko, shemeji. Ondoa haya matope ya juu, chimba mufereji, weka changarawe ya muto, pakauke. Jumamosi kuna harusi. Nikikuta kwato ziko hivi, namuchukua, na sitasema mengi."

Hakuniangalia mimi aliposema "sitasema mengi". Aliangalia dada yake.

Kesho yake Feza alikuwa anavuka muto kwenda kwa dada yake kuvuna mupunga, kule barabara ya Kailo. Akaniacha na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, na neno moja: "Changarawe." Sasa musikilize shida yangu. Changarawe iko mutoni. Kufika mutoni kuna barabara, barabarani kuna watu, watu wanataka kusalimiwa, na kubeba changarawe peke yako hauwezi, lazima uombe watu, na ukiomba watu leo, na wao watakuomba kesho. Niliwaza jambo hilo mpaka nikachoka kama mutu aliyebeba. Halafu nikakumbuka ile mikeka ya wakati wa vita, na farasi juu yake, mukavu. Nikasema, Amisi, una akili, mikeka iko hapa hapa.

Na kweli ilikuwa hapa hapa. Kwenye mutaa wetu kuna mikeka ya kilio, mikubwa, iliyosukwa na mama za kartie zote pamoja, inakaa kwa jirani yangu Mama Zubeda, mujane, njo yeye mwenye kuichunga. Mutu akifiwa, mikeka ile inatoka, inatandikwa kwake, wageni wanakaa. Siku nyingine haitoki, hata kwa harusi haitoki. Na kitu cha pili, ambacho hata mutoto wa kwetu anakijua: ukiona matawi mabichi ya mungazi, ule muti wa mawese, yamewekwa mulangoni kwa mutu, hauulizi. Pale kuna kilio. Unasimamisha baiskeli, unaingia, unakaa.

Nilijua yote hayo! Hiyo njo aibu. Lakini mutu akiwa na wazo lake, anayojua yanasimama pembeni. Mama Zubeda alikuwa sokoni. Nikachukua mikeka kwenye veranda yake (nitarudisha jioni, nikajiambia, nikiwa nimeisafisha), na ili isizame, nikakata matawi ya mungazi wangu, mabichi, mazuri, nikayalaza mulangoni juu ya matope, na juu ya matawi nikatandika mikeka. Hakuna changarawe, hakuna mufereji, hakuna kuondoa matope. Nikarudi nyuma hatua mbili nikaangalia kazi yangu. Kutoka barabarani palionekana pazuri, pa heshima.

Direkta akaweka mguu wa kwanza. Mukeka ukazama kama kijiko kwenye uji. Akaweka wa pili, ukatoboa mukeka, na alipouinua, mukeka ukapanda pamoja naye, akawa amevaa sketi kwenye mguu mumoja. Akashituka. Mimi nikashika kamba, nikasema "Polepole, Direkta," kwa sauti ya mutu wa uzoefu, na yeye akanivuta juu ya ile mikeka na matope, kwa tumbo, hatua kama kumi hivi, sandali yangu moja ikabaki imesimama ndani ya matope, kamba ikakatika, naye akazunguka nyumba akaingia jikoni kwetu, kile kibanda cha nyuma, akasimama juu ya majivu makavu. Kumbe alijua pakavu ni wapi, alikosa tu mutu wa kumuuliza.

Nikarudi, nikanyoosha mikeka iliyobaki (mutu hapendi kuacha kazi vibaya), nikaoga kwa maji ya baridi, nikaanza kutetemeka, nikavaa koti nzito ya marehemu baba yake Feza, nikavuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, nikaingia jikoni, nikafunga mulango, nikawasha moto pembeni, nikakaa ili nimuchunge Direkta. Nikalala.

Sasa muone Mama Zubeda anarudi kutoka sokoni. Veranda yake haina mikeka. Anaangalia kwangu: mikeka iko kwangu, imetandikwa. Matawi mabichi yako mulangoni. Kibanda cha farasi kitupu, kamba imekatika, kwenye matope kuna mustari murefu wa mutu aliyeburutwa, na mwisho wa mustari kuna sandali moja. Anaita "Amisi! Amisi!" mara mbili. Kimya. Kweli mimi mwenyewe, kama ningekuwa yeye, ningejililia.

Kilichoniamusha ni sauti za wanawake. Kilio, na kiko karibu sana. Nikasikiliza: kinatoka kwa Mama Zubeda (hatuna ua kati yetu, migomba tu). Na kitu cha kwanza kilichoniingia kichwani ni mikeka. Ole wangu! Mutu amekufa kwa jirani, na mikeka ya kilio iko chini ya matope ya farasi! Nilitaka ardhi inifunike. Nikaona heri niende nikakae nyuma, kimya, kama mutu wa adabu, na baadaye nimueleze Mama Zubeda polepole. Nikapita kwenye migomba, kichwa chini, nikakaa kwenye benchi nyuma ya nyumba yake, katikati ya watoleka, wale wachukuzi wa baiskeli, ambao waliona matawi barabarani wakasimama. Mumoja akanipa kikombe cha chai. Hakuna aliyenijua. (Hii njo faida ya kukaa nyumbani: hata kwenye kilio chako unakuwa mugeni.)

Nikakunywa kidogo, nikamuuliza yule mutoleka polepole: "Nani amekufa?"

"Jirani ya huyu mama. Mutu mumoja Amisi."

"Masikini," nikasema. "Mungu amupokee."

(Musinicheke bado. Jina lako likitoka kwenye kinywa cha mutu asiyekujua, sikio linachelewa.)

"Farasi amemuburuta, akamupiga teke," akaendelea.

"Farasi gani?"

"Weye! Kindu iko na farasi ngapi?"

Njo hapo niliweka kikombe chini.

"Na maiti iko wapi?" nikauliza, kwa sababu kweli nilitaka kujua.

"Wamemupeleka hospitali."

"Nani amemupeleka?"

"Wenyewe."

Nilikusanya magoti nisimame. Nawaapia, nilikusanya. Lakini wakati ule ule sauti ya Mama Zubeda ikapanda juu ya zingine: "Amisi yangu, aliyenitengenezea redio mara tatu, hakuniomba hata yai!" Zilikuwa mara nne, lakini nikamuachia. Muzee mumoja mbele yetu akasema: "Alikuwa mutu wa amani. Hakugombana na mutu hata siku moja." Mwenzake akajibu: "Atagombana na nani, baba, na hakutoka?" Wakacheka kidogo, yule muzee akasema: "Hata hivyo. Kimya chake kilikuwa kizuri." Kimya changu! Hakuna mutu aliyewahi kukisifu kimya changu. Nikaketi tena. Nikajiambia, dakika moja tu, nisikie wa mwisho, halafu nasimama. Yule mutoleka akaniongezea kikombe cha pili, na mimi nikakipokea kwa mikono miwili.

Na dakika za namna ile ni kama yale matope, mguu wa kwanza ukiingia, wa pili unaufuata. Dakika ya kwanza ningesimama, watu wangepiga kelele, tungecheka. Dakika ya kumi ningepaswa kueleza kwa nini nimengoja tisa. Halafu nikasikia mutu anasema: "Shemeji yake, yule Sefu, alipita hapa, amevuka ng'ambo kumuchukua bibi ya marehemu, ili wazike leo leo."

"Amevuka lini?" nikamuuliza jirani yangu.

"Zamani. Ulikuwa kwenye kikombe cha kwanza."

Feza. Nilikuwa nimekaa hapa nakula sifa, na Feza yuko mahali fulani juu ya muto, ndani ya mutumbwi, ameambiwa mimi nimekufa, na ameambiwa na nani? Na yule kaka ambaye Feza mwenyewe alimuambia kwamba mume wake anajua farasi. Nikasimama kweli safari hii. Na niliposimama, mwanamume mumoja mwenye jembe akanishika mukono.

"Weye mwenye koti, musafi hivyo, sisi tunatafuta watu! Unakunywa tu? Beba!" Akanipa karai.

Maana wakati mimi ninasikiliza kimya changu kinavyosifiwa, watu walikuwa wamefanya ushauri. Mujane anakuja, na nyumba ya marehemu ni dimbwi, atakaa wapi? Watu wa kilio watakaa wapi? Haiwezekani. Basi wanaume walishika majembe, wakaondoa matope ya juu, wakachimba mufereji kando mpaka kwenye mutaro wa barabara, wakapasua mianzi wakailaza chini, na mama na vijana walikuwa kwenye mustari kutoka mutoni, makarai kichwani, wanamwaga changarawe na muchanga, wengine wanakanyaga kwa miguu mpaka pashikamane. Mikeka waliiosha, wakaianika. Kazi ambayo mimi niliiwaza mpaka nikachoka, wao walikuwa wanaimaliza.

Nikabeba. Nilifikiri nitamukuta Feza pale mitumbwi inapofikia, nimuzuie. Nikaenda, sikumuona, nikarudi na changarawe. Nikaenda tena. Nilibeba makarai matano, niyahesabu au nisiyahesabu, shingo yangu iliyahesabu. Na karai likiwa kichwani hakuna anayekuona uso, na mimi (niseme kweli) sikuliinua.

La tano njo nilikuwa naingia nalo mulangoni kwangu, wakati watu walipoachana njia na Feza akapita, nguo imefungwa kiunoni vibaya, Sefu nyuma yake amemushika mabega. Akaanguka kwa magoti juu ya changarawe.

"Amisi eee! Weye uliyekataa kwenda hata soko, leo umeshika safari gani bila kuniaga! Nilikuambia twende Kailo, ukasema ni mbali! Ahera njo karibu?"

Wanawake wakajibu kwa kilio. Mimi nimesimama hatua nne, karai kichwani.

"Kaka!" akamugeukia Sefu. "Mimi njo nimemuua! Nilikudanganya, kaka! Hakujua farasi! Alikata majani tu, majuma matatu, niliambiwa na mama yake kabla hajafa! Nilijua! Nilitaka tu umuheshimu!"

Sefu alifunika uso kwa mukono, na nikaona mabega yake yanatikisika, Sefu, juu yangu mimi. Na mimi, ambaye nilipaswa kupiga magoti, kuomba musamaha, kusema neno moja la mutu mwenye akili, nilifungua kinywa na kilichotoka ni hiki:

"Majuma matatu na siku mbili."

Feza akainua kichwa. Akaona koti kwanza. "Koti ya baba..." Halafu akaona aliye ndani yake.

Wa kwanza kusema ni Mama Zubeda: "Amisi! Na mukeka uliotobolewa, nani ametoboa?" Na yule mutoleka wangu akapiga mikono: "Kumbe njo weye! Na uliniambia Mungu amupokee!" Basi kicheko kikatoka, kikaanza kwa watoleka, kikapita kwa wenye majembe, kikafika kwa wale wanawake waliokuwa na machozi bado mashavuni, na Feza akasimama, akaja mpaka kwangu, akashika lile karai kwa mikono miwili, akalipindua polepole juu ya kichwa changu, changarawe yote, mpaka ya mwisho. Halafu akanishika koti pale kwenye kifua na hakuachia.

Sefu hakucheka. Alizunguka nyumba akifuata sauti ya farasi, akamutoa Direkta jikoni, akamuleta mulangoni. Farasi akaweka mguu wa kwanza, akangoja. Akaweka wa pili. Akasimama na yote minne, akapuliza pua, akageuka kuangalia barabara yake kama kawaida. Pale chini hapakutoka hata tone. Sefu akapiga ardhi kwa kisigino, akainua kwato moja, akaipangusa kwa kidole.

"Hii ni kazi safi," akasema. "Nani ameifanya?"

Nikamuona Feza ananiangalia. Alikuwa ameshasema mbele ya watu wote kwamba alidanganya, lakini neno lake lilikuwa bado linaweza kuokoka kidogo, ningesema tu "nilisimamia", na changarawe ilikuwa kichwani kwangu kama ushahidi. Na makarai matano nilibeba kweli.

"Ni watu wa kilio," nikasema. "Mimi niliweka matawi na mikeka juu ya matope mabichi, farasi akaniburuta, nikalala. Na niliposikia nimekufa, shemeji, nilikunywa chai. Feza amekuambia kweli sasa hivi. Nilikata majani tu."

Sefu akaniangalia, kuanzia miguuni kama siku zote, lakini safari hii alifika mpaka usoni, akakaa pale.

"Miaka yote hii," akasema, "hiki njo kitu cha kwanza ninakisikia kwako ambacho hakikupanda cheo." Akamupa Feza kamba ya farasi mukononi, hakunipa mimi. "Direkta abaki hapa, dada. Harusi ya Jumamosi iko. Lakini huyu bwana yako, mikeka airudishe mwenyewe. Na kila mutu aliyebeba karai leo, amufuate nyumbani kwake amushukuru. Nyumba kwa nyumba. Kwa miguu."

Watu wakashangilia kuliko walivyolia. Wali ulikuwa umeshaiva, na wali wa kilio haurudi kwenye gunia, basi wakakaa juu ya changarawe yangu kavu, wakala, na mimi njo niliyewapelekea maji ya kunawa, mumoja mumoja, na kila mumoja akaniuliza huko nilikotoka wanakula saa ngapi.

Baadaye nilimuuliza Feza kama alilia kweli. Akasema alimulilia farasi, atabaki na nani. Lakini mukono wake ulikuwa bado kwenye ile koti.

Nyumba kwa nyumba nilienda. Ilinichukua siku sita. Na sikutegemea nitakayoyakuta kule. Yule mwenye jembe alimuzika baba yake mwaka juzi, nyumba ya nne kutoka kwangu: sikuenda. Mama mumoja aliyebeba changarawe na mutoto mugongoni alifiwa na mutoto wa kwanza wakati wa mvua zilizopita, nilikisikia kilio chake nikiwa kitandani kwangu, nikaongeza sauti ya redio. Hakuna nyumba iliyoninung'unikia. Walinipa kiti. Waliniuliza habari za Direkta. Na mimi nilisema aksanti, aksanti, mpaka neno likanikauka mudomoni, kwa sababu watu wote wale walinibebea changarawe, na mimi sikuwahi kuwabebea hata konzi moja.

Kwa hiyo nimeapa, na Feza ni shahidi. Sitatandika tena mukeka juu ya matope mabichi, sitachunga farasi wa mutu mwingine kwa mudomo, na nikisikia nasifiwa nitasimama pale pale hata kama sifa ni tamu namna gani. Na nikisikia kilio, ninaenda. Juma lililopita alifariki mama ya fundi mumoja wa baiskeli, kule karibu na gare, na ilikuwa imenyesha. Nilifika asubuhi, karai kichwani.

"Marehemu amefika," mutoleka mumoja akasema (hilo njo jina langu sasa, Amisi wamelisahau). "Mumuachie njia."

Wakacheka, na fundi mwenyewe, mwenye macho mekundu, akacheka kidogo, akapangusa uso kwa mukono wa shati, akanionyesha mulango wake.

"Weka pale, Marehemu. Pale penye maji mengi."

Nikamwaga, nikakanyaga kwa miguu mpaka pakashikamana, nikarudi mutoni kuchukua nyingine.